Goti la Wang Xin

Nimepotea hapa karibu wiki tatu na wapo walioniandikia kuuliza kama nimeolewa kimya kimya. Jamani, hapana. Ni kazi tu, pamoja na jambo moja lililonikaa kooni ambalo leo nimeamua kulitoa. Mniwie radhi kwa urefu.

Januari 2026 zilitoka habari India kwamba Saina Nehwal, yule bingwa wa mpira wa vinyoya, amethibitisha kuwa ameacha kucheza. Tena alisema alishaacha tangu kama miaka miwili nyuma, ila hakuona haja ya kutangaza. Nikapewa mistari kumi ukurasa wa michezo, kona ya chini kabisa, pale zinapotupwa habari zisizo na Simba wala Yanga ndani yake. Nikaandika kwa dakika kumi na tano. Kwenye mstari wa sita nikaweka "medali ya shaba ya Olimpiki ya London 2012, aliyoipata kwa bahati baada ya mpinzani wake kuumia goti". Nikatuma, nikaenda kunywa chai.

Kesho yake akaja dada mmoja wa kitengo cha matangazo. Huyu dada alicheza netiboli ujana wake, na mpaka leo akipanda ngazi za ofisini anashika ukuta. Alikuwa amelikunja gazeti likabaki ile kona tu.

"Mdogo wangu, hii 'kwa bahati' umeitoa wapi?"

Nikamwambia dada, ndivyo ilivyokuwa. Mwenzake aliumia, mechi ikaishia hapo, yeye akavishwa medali.

"Umeandika kama vile aliiokota stendi ya daladala."

Akaniachia gazeti mezani, akaenda zake. Wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Basi nikafanya kile nilichotakiwa kukifanya kabla ya kuandika. Nikakaa nikasoma.

Saina alizaliwa tarehe 17 Machi 1990 mjini Hisar, jimbo la Haryana, kaskazini mwa India. Alikuwa binti wa pili katika nyumba ambayo haikuwa na mtoto wa kiume. Mwenyewe amewahi kusimulia kwamba bibi yake alitaka mjukuu wa kiume, na aliposikia ni msichana tena hakwenda kumwona kwa mwezi mzima. Wale mnaotoka nyumba za mabinti watupu kama mimi, sura ya bibi huyo mnaijua. Na Haryana si mahali ambapo bibi kama huyo ni kituko. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilikuta jimboni humo watoto wa kike 834 kwa kila watoto wa kiume 1,000 kati ya wale wa umri wa kuzaliwa hadi miaka sita. Hesabu hiyo niliisoma mara mbili. Kuna mabinti hawakufika hata kununiwa na bibi.

Baba yake, Harvir Singh, ni mtaalamu wa kilimo. Mama, Usha, alikuwa mchezaji wa vinyoya wa ngazi ya jimbo. Saina alipokuwa na miaka minane kazi ya baba ikawahamishia Hyderabad, kusini, ambako watu wanazungumza Kitelugu. Mtoto hakuwa na rafiki wala lugha ya mtaani. Alijifunza karate kidogo, kisha akashika raketi, mchezo wa mama.

Uwanja wa mazoezi ulikuwa kama kilomita 25 kutoka nyumbani. Baba alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anampakia kwenye skuta, anampeleka, anamngoja, anamrudisha awahi shule. Mama naye akawa anapanda nyuma, wanakwenda watatu, kwa sababu mtoto alikuwa anasinzia njiani na wangeweza kufika bila yeye. Gharama za raketi, vinyoya na viatu zilipozidi mshahara, baba akaanza kuchota kwenye akiba yake ya uzeeni, ile ambayo kwetu mtu huisubiri mpaka astaafu ndipo aifuate NSSF. (Baba yangu mimi alinikatalia ada ya masomo ya kompyuta. Simlaumu, mabati yalikuwa yanavuja.)

Hapo Hyderabad alipita mikononi mwa S. M. Arif, kisha kwa Pullela Gopichand. Huyu Gopichand mkae naye, maana habari ya magoti inaanzia kwake. Alichanika kano za goti mwaka 1994 akiwa bado kijana, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, watu wakamuaga. Mwaka 2001 akaenda Uingereza akachukua ubingwa wa All England, Mhindi wa pili kufanya hivyo baada ya Prakash Padukone mwaka 1980. Alipostaafu aliweka nyumba yake rehani ili ajenge kituo cha mafunzo Gachibowli, kando ya Hyderabad. Saina ndiye aliyekuwa tunda la kwanza kubwa la kituo kile. P. V. Sindhu akafuata.

Kabla sijafika London niseme kuhusu Beijing 2008, kwa sababu ndipo nilipoanza kuona aibu. Saina alikuwa na miaka 18. Akamtoa Wang Chen wa Hong Kong, mmoja wa waliopewa nafasi kubwa, akaingia robo fainali dhidi ya Maria Kristin Yulianti wa Indonesia. Seti ya kwanza akashinda 28-26. Ya pili akapoteza. Ya tatu akawa anaongoza 11-3. Kumi na moja kwa tatu! Seti inaisha kwenye 21. Akashindwa 21-15. Miguu yake ilikuwa mizima yote miwili, na hakuna mtu aliyeumia popote. Mechi ilimtoka mkononi hivi hivi, na siku ile hakuna mwandishi aliyeandika kwamba Yulianti alishinda kwa bahati.

Mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa vijana kule Pune. Mwaka 2009 akachukua Indonesia Open, Mhindi wa kwanza kutwaa taji la Super Series. Juni 2010 akatwaa mataji matatu katika wiki tatu, India, Singapore na Indonesia. Oktoba ikaja Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Delhi. Fainali dhidi ya Wong Mew Choo wa Malaysia, seti ya kwanza kapoteza, seti ya pili yule Mmalaysia yuko pointi moja tu kutoka kwenye ubingwa. Saina akaizuia, akaichukua seti 23-21, ya tatu akamaliza 21-13. Dhahabu ile ilikuwa ya 38 kwa India, na Uingereza walikuwa na 37. India ikashika nafasi ya pili, siku ya mwisho ya mashindano, mbele ya watu wa nyumbani. Nadhani ndiyo mechi niliyopaswa kuitaja kwenye mistari yangu kumi. Sikuitaja kabisa.

Haya, London.

Mashindano ya vinyoya yalifanyika Wembley Arena, na yalikuwa na kashfa kabla ya medali. Usiku wa tarehe 31 Julai 2012 timu nne za wanawake wawili wawili, moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia, zilicheza ili zishindwe. Zilishafuzu, zikawa zinatafuta wapinzani rahisi mbele ya safari, kwa hiyo kila upande ukawa unapiga kinyoya kwenye wavu makusudi. Watazamaji wakazomea. Kesho yake wote wanane wakafukuzwa. Yaani watu wazima wenye afya na magoti manane ya kulia na manane ya kushoto, wakigombania kushindwa.

Siku nne baadaye, ukumbi uleule, tarehe 4 Agosti, Saina akaingia kugombea shaba na Wang Xin. China ilikuwa na wanawake watatu katika nne bora. Li Xuerui na Wang Yihan walikuwa wanakutana fainali, Yihan akiwa amemfunga Saina kwenye nusu fainali 21-13, 21-13. Kwa maneno mengine, Wang Xin angeshinda, jukwaa zima lingekuwa la China.

Na alikuwa anashinda. Hilo halina ubishi, na dada wa matangazo hakulibisha. Ubao ulisoma 20-18, Wang Xin anahitaji pointi moja kufunga seti ya kwanza, akatua vibaya, goti likageuka. Akatibiwa pembeni. Akainuka, akarudi, akaichukua ile pointi, 21-18. Akaanza seti ya pili akapata pointi nyingine. Kisha akashindwa kusimama.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi wiki hizi. Kinachonishangaza ni zile pointi mbili za mwisho. Mtu goti limeshakwisha na bado anacheza pointi mbili, tena anazishinda zote. Upande wa pili wa wavu kuna msichana wa miaka 22 anayetakiwa kuendelea kupiga vinyoya kwa mtu anayechechemea, maana huo ndio mchezo, na kupunguza kasi kwa huruma kungekuwa matusi mengine. Sijui mnaonaje, lakini mimi nisingejua niweke wapi mikono yangu.

Saina akawa mtu wa kwanza wa India kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huo. Kabla yake mwanamke wa Kihindi mwenye medali ya Olimpiki alikuwa mmoja tu, mnyanyua vitu vizito Karnam Malleswari, Sydney 2000. Mary Kom wa ndondi alifuata siku chache baada ya Saina, London hapohapo. Na ili akutane na Wang Xin, Saina alishawafunga wanne, wa mwisho akiwa Tine Baun wa Denmark kwenye robo fainali, mwanamke aliyekuwa na mataji mawili ya All England. Ili kusimama kwenye uwanja ambao mpinzani wako anaumia, ni lazima kwanza ufike kwenye uwanja huo. Mstari wangu wa sita uliruka hayo yote.

Sasa niwaambie kwa nini neno "bahati" lilinitoka haraka vile.

Nilipoanza kazi tulikuwa wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo, mimi na mwenzangu mmoja, na nafasi ya ajira ilikuwa moja. Mwenzangu alikuwa anaandika vizuri kuliko mimi. Hili silisemi kwa unyenyekevu, kila mtu pale ofisini alilijua na mimi nililijua zaidi ya wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa ananipitishia kazi zangu kabla sijazipeleka kwa mhariri. Wiki mbili kabla ya uamuzi bodaboda ikaanguka naye, mguu ukavunjika sehemu mbili. Akalazwa, akatoka, akakaa kwao miezi. Mkataba nikapewa mimi. Watu wakaniambia hongera, nikasema asante. Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya tatu kulikuwa na foleni, mara ya nne nikawa na habari ya kumalizia, mnazijua sababu za namna hiyo.

Kwa hiyo neno lile lilikuwa tayari mdomoni, likisubiri mtu mwingine wa kubandikwa.

Turudi kwenye magoti. Mchezo huu ukiutazama kwenye TV unaonekana wa bustanini, vijiti vyepesi na manyoya. Mwaka 2023 Mhindi mwingine, Satwiksairaj Rankireddy, alipimwa akipiga kinyoya kikaondoka kwa kasi ya kilomita 565 kwa saa. Gari la Formula 1 halifiki huko kwenye mashindano. Mchezaji wa mmoja kwa mmoja analinda eneo la upana wa mita 5.18 na urefu wa mita 6.7 peke yake. Anaruka nyuma anatua kwa mguu mmoja, palepale anatakiwa ajitupe mbele hadi wavuni, mguu wa upande wa raketi ukitangulia na uzito wote ukishukia kwenye goti lililokunjwa. Kisha arudi. Afanye hivyo saa nzima, na kesho tena, tangu akiwa na miaka minane.

Matokeo yake ni haya. Rio 2016, Li Xuerui, yule bingwa wa London, aliumia goti kwenye nusu fainali dhidi ya Carolina Marín wa Hispania. Hakuweza kucheza mechi ya shaba, medali ikaenda kwa Nozomi Okuhara wa Japani bila kinyoya kupigwa. Paris 2024, safari hii ni Marín mwenyewe. Yuko nusu fainali, ameshachukua seti ya kwanza dhidi ya He Bingjiao wa China, anaongoza ya pili, goti likamkatalia. Shaba ikaenda kwa Gregoria Mariska Tunjung wa Indonesia, naye bila kucheza. Kati ya Olimpiki nne, London mpaka Paris, shaba tatu za wanawake mmoja mmoja zimepitia kwenye goti la mtu. Ile ya Tokyo pekee, iliyochezwa 2021, ndiyo iliamuliwa na watu wawili wazima, Sindhu akamfunga He Bingjiao.

Huyo He Bingjiao alipopanda jukwaani Paris kuchukua fedha alishika mkononi beji ndogo ya timu ya Hispania. Wapiga picha waliiona.

Saina naye zamu yake ilifika. Ilikuwa baada ya miaka yake mizuri. Mwaka 2014 aliondoka kwa Gopichand akahamia Bangalore kwa kocha Vimal Kumar, maneno yakawa mengi, na mwaka 2015 akajibu kwa kucheza fainali ya All England, fainali ya ubingwa wa dunia kule Jakarta, na mwezi Aprili kushika namba moja duniani, mwanamke wa kwanza wa India kufika hapo. Fainali zote mbili alifungwa na Marín. Kisha Rio. Alikwenda na goti bovu, akatolewa hatua ya makundi na Marija Ulitina wa Ukraine, mtu ambaye siku nyingine asingemsumbua. Akarudi nyumbani, akafanyiwa upasuaji mwezi huohuo.

Wengi tungeishia hapo. Yeye Januari 2017 alichukua taji Malaysia, Agosti akapata shaba ya dunia Glasgow, akarudi kwa Gopichand, na Aprili 2018 kule Gold Coast, Australia, akacheza fainali ya Jumuiya ya Madola na Sindhu, aliyekuwa na fedha ya Olimpiki mkononi na umri mdogo kwa miaka mitano. Saina akashinda 21-18, 23-21. Kama una nafasi ya kutazama mechi yake moja tu, tazama hiyo.

Taji lake la mwisho ndilo lililonimaliza. Januari 2019, Jakarta, fainali ya Indonesia Masters, mpinzani ni Marín tena. Marín anaongoza 10-4. Akaruka, akatua, akapiga ukelele. Goti. Mechi ikaishia hapo. Medali yake kubwa na taji lake la mwisho, vyote viwili vilimjia akiwa nyuma, na vyote viwili kwa namna ileile. Ukiwa na roho mbaya kama niliyokuwa nayo mimi ile Januari, unaweza kuandika "bahati" mara mbili.

Baada ya hapo ni kushuka. Hakufuzu Tokyo. (Mwaka 2020 aliingia chama cha BJP na wengine wakamnunia, hilo nalipita, si mada yangu.) Mechi yake ya mwisho ya kimataifa ilikuwa Singapore, Juni 2023. Mwaka 2024 alisema wazi kwamba ana yabisi ya viungo na ile gegedu inayozuia mfupa usisuguane na mfupa gotini imechakaa. Zamani angefanya mazoezi saa nane au tisa kwa siku, sasa saa moja au mbili goti linavimba. Alikuwa na miaka 34. Bibi yangu mimi alianza kulalamika magoti akiwa na sabini.

Nilimpelekea dada wa matangazo haya yote. Akasikiliza, akaniuliza kama gazeti litasahihisha. Nikamwambia hakuna kosa la kusahihisha, kila kitu pale ni kweli, goti liliumia kweli. Akanitazama tu.

Jumapili nilimpigia simu mwenzangu yule wa bodaboda. Ilikuwa imepita miaka miwili na ushee. Nilimkuta sokoni Mbagala, kelele tupu, ikabidi niseme jina langu mara mbili ndipo akanitambua. Aliniuliza kazi inaendaje, nikasema salama. Nikamuuliza mguu, akasema unauma wakati wa mvua. Halafu muuza nyanya akamtajia bei na yeye akaanza kubishana naye, na mimi nikabaki kwenye laini nikisikiliza mpaka salio likakata.

Mkipata nafasi itafuteni ile fainali ya Gold Coast.

Tuonane wiki ijayo, nikijaliwa.